Mguu Uliozinenepesha Nyumba

Manispaa ile ilikuwa na kompyuta tisa, mihuri kumi na minne na tepu moja ya kupimia, na hiyo tepu iliazimwa na watu wa idara ya maji mwaka ambao hakuna aliyeukumbuka. Ndiyo maana nyumba za mji mzima zilipimwa kwa mguu. Mguu wenyewe ulikuwa wa mpimaji mmoja mrefu, mkimya, ambaye hata mabosi wake walimwita Bwana Hatua.

Hatua yake moja ilikuwa sentimita sabini na tano. Si sabini na nne, si sabini na sita. Siku alipoajiriwa walimtembeza mara ishirini kwenye korido iliyopigwa chaki, na tangu hapo hakuna aliyeutilia shaka mguu huo. Alitembea kandokando ya ukuta, midomo ikihesabu bila sauti, akifika kona anaandika. Kwenye vipimo vyake ndiko ilikotoka kodi ya majengo, na kwenye kodi ikatoka bajeti: taa za barabarani, gari la takataka, mifereji, madawati ya shule. Mkewe alimtania kwamba mji mzima umesimama juu ya kiatu namba arobaini na nne.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, aliteleza kwenye ngazi ya masjala akavunjika nyonga. Mkewe ndiye aliyemfundisha kutembea upya, kutoka kitandani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi bombani, akimhesabia kama mtoto. Siku aliyofika bombani bila kushikwa, aliegemea ukuta akalia, na mkewe akajifanya ana shughuli na ndoo. Mguu wa kulia ulikuwa umefupika kidogo. Suruali zake zote ziliburuta upande huo, naye akazibana kwa pini. Basi, hakuuliza zaidi. Miguu alikuwa amerudishiwa, angeidai nini tena?

Aliporudi kazini ilikuwa zamu ya mtaa wa bondeni, maana kila mtaa hupimwa upya baada ya miaka mitano. Nyumba sitini na mbili. Alizimaliza kwa wiki tatu, akitembea na tabasamu, na hati za madai zikapelekwa.

Wa kwanza kufika dirishani alikuwa fundi cherehani, mama mmoja mnene mwenye tepu ya kitambaa shingoni.

"Habari za kazi, Bwana Hatua."

"Nzuri, mama. Karibu."

"Nimekuja kuuliza nyumba yangu imekula nini."

"Kivipi?"

"Mara ya mwisho ilikuwa na urefu wa mita kumi na mbili. Leo mmeniandikia kumi na tano. Mimi nimenenepa, sikatai. Nyumba haijanenepa."

Foleni nzima ikacheka. Bwana Hatua akafungua daftari. "Hatua ishirini, mama. Zidisha kwa sabini na tano."

"Nimepima watu miaka thelathini, baba. Chukua kofia yako twende."

Wakaenda. Mbele ya macho ya mama huyo akatembea ukutani, na kweli zikawa ishirini. Kisha fundi akainama na tepu yake ya mita moja na nusu, akaitandaza ukutani, akaweka alama kwa chaki ya kushonea, akaitandaza tena. Mara nane tu, kona hii hapa. Mita kumi na mbili.

Bwana Hatua akaiomba ile chaki. Akachora mstari mbele ya kiatu, akapiga hatua moja, akachora mwingine. Fundi akapima, akapima tena, akasema polepole, "Sitini."

Bwana Hatua akapiga hesabu. Si nyumba moja. Ni nyumba sitini na mbili, zote zimepimwa kwa mguu wa hospitali na kuandikwa kwa mguu wa zamani.

Fundi alianza kucheka, akamwangalia usoni, akaacha. "Watakufanya nini?"

"Nimebakiza miezi minane, mama. Wakitaka, wataniondoa bila kiinua mgongo."

"Basi rekebisha yangu, na mimi nitafunga mdomo."

Alisimama akiutazama mtaa. Kwenye kila mlango kulikuwa na hati. "Na hawa wengine je?" akasema, akajikongoja kurudi ofisini.

Mweka hazina alikuwa mwanamke kijana, anayekunywa chai juu ya makaratasi bila kumwaga hata tone. Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akafungua rasimu ya bajeti ukurasa wa kumi na nne.

"Mzee wangu, ukurasa huu wote umejengwa juu ya mguu wako. Mfereji wa bondeni umo humu. Na bajeti inasomwa barazani Alhamisi."

"Najua, mama. Andika jina langu, kosa ni langu."

"Sijakuomba jina." Akaweka kikombe. "Leo Jumatatu. Vipimo vipya vikifika hapa mezani Jumatano kabla ya saa sita mchana, hayo ni marekebisho, na marekebisho tunayafanya kila mwaka. Visipofika, ni kosa, na kosa lazima lipelekwe kwenye kamati ya nidhamu. Siwezi kulificha."

Akaandika barua kwa idara ya maji. Jioni ile tepu ikarudi, imeshika kutu, ina mita hamsini.

Tepu ya mita hamsini inataka watu wawili, naye alikuwa mmoja na nusu. Lakini Jumanne asubuhi alipofika bondeni, alikuta baiskeli, mapipa na kuni vimeshaondolewa kwenye kuta zote. Fundi cherehani alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba alisimama kwenye kona yake akisubiri kushika ncha, na kila baada ya nyumba tatu kulikuwa na kiti.

"Kaa kwanza," walimwambia.

"Muda hauniruhusu."

"Utakaa tu. Mguu wako ndio uliotufikisha hapa, tunautaka mzima."

Walimcheka, kweli. Waliuliza kama mkewe naye hupimwa kwa hatua. Lakini ncha waliishika sawasawa. Kwa seremala peke yake ndiko tepu ilikopindapinda, kwa sababu yeye alikuwa ameongeza chumba cha uani kimyakimya.

"Nikunyoshee tepu, jirani, au chumba hicho ni cha wageni?" fundi akamuuliza, naye seremala akavuta ncha taratibu hadi ukuta wa mwisho. Hiyo ndiyo nyumba pekee iliyonenepa kweli.

Jumatano saa tano na nusu, Bwana Hatua aliweka daftari mezani. Mweka hazina akalipekua, akachukua kalamu, akaandika juu ya ukurasa neno moja: Marekebisho.

Alhamisi walikaa benchi la wananchi, yeye na fundi cherehani, wakisikiliza bajeti ikisomwa. Kodi ya mtaa wa bondeni ilikuwa imepungua, na mfereji nao ukapungua. Mwaka huu ungefika nusu ya mtaa, kipande kingine mwakani.

"Umenisamehe?" aliuliza kwa sauti ya chini. Nyumba ya fundi ilikuwa kwenye nusu ya pili.

"Kimya, wanasoma madawati."

Miezi minane ikapita, akastaafu na haki zake zote. Siku ya kuagana walimpa saa ya ukutani na hotuba. Fundi cherehani hakuhutubia. Alimpa kifurushi cha gazeti, ndani yake suruali ya kijivu. Bwana Hatua hakukumbuka kupimwa.

"Nilikutazama siku mbili nzima ukitembea," mama akasema. "Unafikiri nilikuwa natazama kuta?"

Aliijaribu nyumbani, mkewe akiwa amekaa kitandani. Mguu wa kulia ulishonwa mfupi kwa vidole viwili. Akatembea hadi mlangoni, kisha bombani, na upindo haukugusa chini. Mkewe akaenda kwenye kopo la dirishani, akachukua zile pini zote, akazifunga kwenye karatasi.

"Mpelekee fundi," akasema. "Mwambie hazina kazi tena hapa."