Pingili za Mama Ethel

Yuliana, ambaye kijiji kizima cha Chilangala kilimwita Mama Ethel, hakuwa mtu wa kukaa kitako. Kanisani alisali akiwa amesimama mlangoni, na nyumbani alikula huku akichochea moto. Mumewe, Reginald, alizoea kusema kwamba siku mke wake akitulia, watu walete sanda. Basi alipolazwa chali katika hospitali ya misheni, Lulindi, ndani ya plasta iliyomshika kuanzia kisogoni hadi mapajani, aliona amezikwa yu hai.

Mgongo ulianza kumuuma kwenye njia ya maji. Mabomba yaliyoahidiwa na Serikali ya Mwingereza yalikuwa hayajafika kijijini, na wanawake waliendelea kuteremka genge la mwamba hadi bondeni na kupanda na madebe kichwani. Yuliana alinyamaza, maana nani huko Newala haumwi mgongo? Alinyamaza mpaka mfupa ukatuna katikati ya mgongo na miguu ikaanza kufa ganzi. Hapo ndipo Reginald alipotafuta wanaume wa kumbeba kwa machela.

Dresa Cecil, mtu mzima mpole aliyechoma sindano hapo hospitali, alimpapasa taratibu kuanzia shingoni kushuka chini.

"Pingili mbili zimeoza, mama," akasema. "Ni kifua kikuu, kimeingia mfupani."

Neno hilo likamtuliza. Pingili alizijua, amepanda za muhogo tangu utoto. Iliyooza hung'olewa, ikapandwa nyingine, kazi ikaendelea. Akamweleza Reginald hivyo hivyo, na Reginald, mkulima mwenzake, akaelewa hivyo hivyo. Wakaagana kwa moyo mkunjufu.

Akafungwa plasta, akangoja kung'olewa. Sindano zilikuja, kung'olewa hakukuja. Aligombana na nzi. Alimfundisha Bibi Agnes, mgonjwa wa kitanda cha pili, namna ya kukunja shuka ambalo Bibi Agnes alikuwa akilikunja tangu kabla Yuliana hajazaliwa. Kila Cecil alipopita alimuuliza, "Lini?" Cecil, akidhani anaulizia kwenda nyumbani, alijibu, "Bado, mama."

Siku moja Ethel akaja na shangazi yake kumtazama. Alipoinama kumwamkia, mama yake akaona nywele za utosini zimekatika pale ngata ya kutwikia debe inapokaa.

"Shule je?" akauliza.

"Baba kaniachisha kidogo, niteke maji. Mpaka wakung'oe pingili."

Wageni walipoondoka, Yuliana akamwita Cecil. "Ning'oeni leo hii."

Cecil hakuelewa, kisha akaelewa, na Mungu ambariki, hakucheka. Akavuta kigoda.

"Pingili za mgongo hazing'olewi, mama. Saba zimebeba kichwa, kumi na mbili zimeshika mbavu, tano nene ziko kiunoni, na chini yake zile za nyonga zilizogandamana. Kila moja ina tundu, na humo unapita mshipa mkuu wa fahamu, laini kama uboho. Ndio unaoiamuru miguu. Hizi mbili zikitulia, zitashikana ziwe mfupa mmoja. Ukiinuka sasa zitaporomoka, zitaubana mshipa, na hutatembea tena."

"Zitashikana lini?"

"Mikorosho imechanua sasa. Labda itakapochanua tena."

Mchana ule, Bibi Agnes aliposinzia, Yuliana akashika kingo za kitanda, akajaribu kuinua mabega. Maumivu yakamchoma hadi unyayoni, kisha nyayo zenyewe zikapotea, asizihisi kabisa. Akajilaza, jasho linamtoka. Aliogopa, aliogopa kweli kweli. Akiinuka, Ethel atateka maji maisha yake yote. Akilala, Ethel atateka mwaka mzima, na msichana aliyekaa mwaka nje ya shule harudi, huposwa.

Jumapili Reginald alipokuja, Yuliana hakumpa nafasi hata ya kuketi.

"Baba Ethel, maji utateka wewe."

"Mimi? Debe kichwani? Wanaume watanicheka."

"Wacheke. Mtoto arudi shule. La sivyo nainuka hapa, nilemae mbele ya macho yako."

Reginald alimjua mkewe. Akachukua kofia yake, akatoka bila kuaga.

Jumapili zikapita, Reginald haonekani. Yuliana hakulala vizuri, hakula vizuri, na hata nzi akawaacha wafanye watakavyo. Hatimaye, Jumatano moja, mume akatokea mlangoni, shingo imekakamaa.

"Ethel yuko wapi?" Yuliana akauliza.

"Darasani."

"Na wanaume?"

"Wanacheka." Akaketi, akajikanda kisogo. "Mama Ethel, lile genge... ulikuwa ukilipandaje na debe kichwani, na mgongo wako umeoza?"

Yuliana alitaka kumtania, kama desturi yake. Lakini miaka yote ya ndoa hakuwahi kuulizwa swali hilo. Plasta haikumruhusu kugeuza uso, kwa hiyo machozi yakamtiririkia masikioni, na Reginald, asijue la kufanya, akayafuta kwa pindo la shati lake, sikio moja, kisha la pili.