Subiri Uitikiwe

Sisi wa enzi ile, shule ikikaribia kufungwa mwezi wa Desemba, pua ndiyo ilitangulia kujua kabla mwalimu hajasema. Mvua ya kwanza imeshapiga Kondoa, vumbi limelala, na kila nyumba inakaanga kumbikumbi. Unapita njiani asubuhi na ufagio wako begani, unanusa ule utamu wa mafuta yao, unajua hapa zimebaki siku za kuhesabu tu. Nani alihitaji kalenda?

Siku yenyewe ya kufunga haikuwa ya kukaa na kula keki. Tulifanya kazi. Wasichana tulisugua madawati kwa majani ya msasa mpaka wino wa mwaka mzima ukatoka, na ngozi ya vidole nayo ikatoka. Sakafu tuliisiriba kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe, na usinikunjie uso wewe unayesoma, kwa sababu kama ni wa umri wangu na wewe ulisiriba. Ile sakafu ikikauka ilikuwa laini, ina ubaridi wake, ukijilaza unapata usingizi kuliko kwenye zulia hili la mwanangu linalofyonzwa kwa mashine kila Jumamosi.

Halafu mstarini. Mwalimu mkuu anasoma majina, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, na wazazi wamesimama pembeni wanasikia. Hakukuwa na kufichana. Aliyeshika mkia alijulikana kijiji kizima, akalia kidogo, na jioni tuko naye kwenye rede anatupiga kwa mpira wa matambara kama vile hakuna kilichotokea. Watoto wa siku hizi wakikosea hesabu wanaambiwa wamejitahidi sana, wanabandikwa stika ya nyota kifuani. Mimi niliitwa wa tano. Nilikuwa darasa la nne, na ndio ukawa mwisho wangu wa shule, maana mama alijifungua mapacha na mgongo wa kuwabeba ulikuwa wangu. Sikusoma zaidi ya hapo. Lakini nilikuwa wa tano, na mtu asije akasahau.

Tukitoka mstarini hatukwenda nyumbani moja kwa moja. Kwetu kulikuwa na desturi ya kupeleka shikamoo. Watoto wote wa mtaa mmoja tunafuatana, miguu peku, matope mpaka magotini, tunapita kwa wazee nyumba hata nyumba kuwaambia shule imefungwa. Unapiga goti, unasema shikamoo, unaitikiwa, unapewa kitu. Kwa huyu togwa kwenye kibuyu, kwa yule karanga za kuchemsha, kwa mwingine kumbikumbi wa moto wanaokuunguza kiganja na bado huwaachii.

Nyumba ngumu ilikuwa ya bibi yangu, Bi Hadija, mama yake baba. Yeye alikuwa haitikii upesi. Mnamkuta barazani anachambua mawe kwenye uwele, mnapiga goti, mnasema shikamoo kwa sauti moja, na yeye anaendelea kuchambua. Jiwe hili, jiwe lile. Anapuliza makapi. Nyinyi mko chini mnaangalia vidole vyake. Mpaka ungo umeisha, ndipo anainua uso, anamtazama mmoja mmoja kama anayenunua mbuzi, anasema marahaba kwa kila mtu na jina lake. Binamu yangu Mwanne alikuwa na mkojo mwepesi, na mwaka mmoja alisubiri marahaba mpaka akaloa pale pale barazani. Bi Hadija akamwitikia wa kwanza, halafu akampa asali nyingi kuliko sisi. Tuliona wivu, wallahi. Tulitamani na sisi tungejikojolea.

Kaka yangu Ramadhani yeye aliwahi kusema shikamoo akakimbia zake mtoni. Bibi alituma mtu akamrudisha, mchanga wa mto umemjaa masikioni. Hakumchapa. Alimuuliza tu, "Umenipa ya kwako, mimi sijakupa ya kwangu, sasa unakwenda wapi?"

Hayo maneno niliyabeba. Nimeyavusha bahari, na kwenye ndege hakuna aliyeyapima uzito.

Sasa niko Toronto, mtaa wa Downsview, ghorofa ya sita, dirisha linatazama maghala na malori. Mwanangu Mwanaidi anahudumia wazee katika nyumba ya wazee, mkwe wangu anapakia mizigo kule Malton kwenye uwanja wa ndege, leo zamu ya asubuhi, kesho ya usiku. Walinileta nimlee mjukuu wangu Zuhura. Nimemlea. Mjukuu huyo ana akili, ana miguu mirefu ya ukoo wetu, na anasoma vitabu vinene bila picha, naye yuko darasa la tatu tu. Sisemi kwa sababu ni wangu. Nasema kwa sababu ni kweli.

Ila Kiswahili anakisikia, hakisemi. Nikimwambia kalete mwiko, analeta mwiko, huku ananijibu Kiingereza. Nikimgombeza ananuna kwa Kiingereza. Ni wote hao, watoto wa huku. Nenda kwenye shughuli zetu, msibani, harusini, utawakuta wamejipanga kwenye kochi vichwa chini, kila mmoja na simu yake, mzee mzima anaingia na fimbo wao wanasema "hai" bila kuinua jicho. Hai! Kama wanaita kuku.

Nikasema huyu wangu nikimkosa kwa yote, shikamoo simkosi. Tangu ana miaka mitatu nimemfundisha: unapiga goti kidogo, unasema, unasimama, unasubiri uitikiwe, ndipo unakwenda. Na mimi nilimsubirisha kidogo kama nilivyosubirishwa. Anaingia na buti zake za theluji, anasema shikamoo, mimi namalizia kitunguu changu. Anazungusha macho, lakini hatoki. Ndipo nasema marahaba Zuhura, na anarusha buti kila moja upande wake.

Hata getini kwa shule tulikuwa hivyo hivyo. Nilikwenda kumchukua kila siku, nimejifunga makoti mawili na kanga kichwani chini ya kofia, na yeye anakuja kunipa shikamoo yangu mbele ya watu. Mpaka mwaka huu wa masomo. Theluji ya kwanza imeanguka, watoto wanatoka wanapiga kelele, Zuhura yuko na wasichana wenziwe. Akasema, akasimama. Nami nikachelewa kama kawaida. Wale wenziwe wakaanza kucheka, mmoja akasimama wima kama nguzo kumwigiza. Kesho yake kabla sijafungua mdomo Zuhura akaniambia polepole, kwa Kiingereza, "Bibi, si hapa."

Kiingereza changu ni cha kununulia maziwa, lakini hayo niliyaelewa. Na baada ya pale hata nyumbani ikakatika. Anaingia, anasema hai.

Sikumsema. Mwanaidi aliniambia nimwache, mama, ni umri tu. Nikamwacha. Lakini nilikuwa nakata kitunguu na masikio yako mlangoni.

Ikafika Desemba. Shule yao kabla ya kufunga hufanya sherehe, wanaiita tamasha la baridi, kwa sababu watoto wale ni wa dini zote na shule haitaki sikukuu ya mmoja imkanyage mwingine. Mimi sikuona ubaya. Huko kwetu tulifunga shule Waislamu na Wakristo pamoja, tukasiriba sakafu moja. Mwalimu wao akasema mwaka huu darasa la tatu watawapokea wageni kwa salamu: kila mtoto aje mbele, aseme salamu ya nyumbani kwao, atundike kwenye kamba theluji aliyoikata kwa karatasi, akakae. Zuhura akamwambia mama yake yeye atasema ya Kiingereza. Kwani nyumbani kwetu ni hapa, alisema. Mwanaidi akanitazama. Mimi nikasugua masufuria yaliyokuwa safi.

Siku yenyewe nilivaa dera langu la harusi ya Mwanaidi, juu yake koti linalonifanya kama godoro lililokunjwa. Kabla hatujatoka mwanangu akanifundisha. Mama, kule watu hawapigi vigelegele. Mama, hawasimami. Mama, unapiga makofi mwisho. Nikamwambia nimesikia, mimi si mbuzi.

Korido la shule lilinukia soksi zenye maji. Suruali za theluji zimening'inia ukutani kama watu walionyongwa, glovu zimepotezana. Ndani ya ukumbi wa mazoezi joto, viti vidogo vya kuumiza kiuno, na mabibi tumejaa. Bibi wa Kipunjabi na shali yake, bibi wa Kisomali, bibi wa Kifilipino ana kamera kubwa kuliko kichwa chake. Hatukujuana lugha, lakini tulisalimiana kwa vichwa. Wote tumekuja kwa jambo moja.

Watoto wakaanza. Mmoja anasema ya kwao, anatundika karatasi yake, bibi yake anafuta macho, anafuata mwingine. Haraka haraka, mwalimu anawaharakisha kwa mkono maana madarasa mengine yanangoja. Zuhura akaja. Amesukwa nywele na mimi mwenyewe, mistari imenyooka. Ameshika theluji yake ya karatasi kwa mikono miwili. Aliangalia chini, akaangalia watu.

Akasema, "Shikamoo."

Kwa sauti. Halafu akapiga goti kidogo, lile goti la kwetu, ambalo hata mama yake hapigi siku hizi.

Na hakutoka. Mwalimu akampa ishara aende kutundika karatasi. Zuhura amesimama. Mwalimu akaonyesha kamba tena, anatabasamu, akidhani mtoto amesahau. Zuhura amesimama tu. Nyuma ya ukumbi mtu akacheka, na wale wasichana wa getini nao nikaona mabega yanatikisika. Mwanaidi pembeni yangu akanong'ona, "Masikini, ameganda." Akataka kuinuka akamtoe.

Hakuwa ameganda. Mimi namjua anavyosimama. Alikuwa anasubiri.

Alikuwa anasubiri mbele ya ukumbi mzima, wanamcheka, na midomo imeanza kumcheza, lakini mguu haukuondoka. Na mtu wa kumwitikia yupo, amekaa kwenye kiti cha mtoto, amefundishwa asisimame.

Nikasimama. Kiti kikanifuata kwanza, kimeng'ang'ania koti, kikaanguka kwa kishindo. Watu wote wakageuka. Nikaita kwa ile sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, "Marahaba, Zuhura. Marahaba, mjukuu wangu."

Zuhura akanitazama, akaitika kwa kichwa mara moja kama mtu aliyepokea chenji yake sawasawa, akaenda kutundika karatasi, akakaa. Ndipo yule bibi wa Kifilipino, sijui alielewa nini, akaanza kupiga makofi kabla ya mwisho, na wa Kipunjabi akamfuata, na ukumbi wote ukafuata. Mwanaidi alikuwa ameficha uso kwenye mkoba. Nikampigia Zuhura na kigelegele kimoja, kifupi, kwa kuwa mambo yalikuwa yameshaharibika.

Baadaye koridoni, ninamvalisha suruali yake ya theluji, Zuhura akaniuliza mbona nilichelewa vile. Aliuliza kwa Kiingereza, nami nilimjibu kwa Kiswahili kama tunavyofanya siku zote. Nikamwambia nilikuwa nachambua uwele. Hakuelewa. Nikamwahidi nitamsimulia nyumbani, na nikamsimulia, Bi Hadija na ungo wake, Ramadhani na mchanga masikioni. Aliyempenda ni Mwanne. Amenitaka nirudie ile ya mkojo kila siku ya likizo.

Mimi nikikaa dirishani, malori yanapita kwenye theluji chafu, ninaukumbuka ule msururu wetu wa miguu peku, na wazee wa kuitikia walivyokuwa wengi, nyumba hata nyumba. Ulikuwa unachoka goti kabla hujawamaliza. Huyu wangu mtaa mzima ana mtu mmoja tu wa kumwitikia, na mtu huyo magoti yanalia akipanda ngazi. Hilo linaniuma, sitadanganya. Nikiondoka, atasimama mbele ya nani?

Lakini shule imefunguliwa. Juzi nilikuwa getini, baridi ile ya kukata sikio, pumzi inatoka kama moshi wa kuni mbichi. Zuhura akaja, akasema shikamoo mbele ya wenziwe, akasimama. Na yule aliyemwigiza nguzo naye akaja, kofia imemshuka machoni, akasema kitu kinachofanana na shikamoo, naye akasimama.

Nikawaitikia hapo hapo, mmoja mmoja na jina lake. Bi Hadija angenigombeza kwa haraka ile. Lakini Bi Hadija hakuijua baridi ya huku, na mtoto wa watu hasubirishwi nje kwenye theluji.