Anko Edwin Alivyocheka Sinema ya Watoto

Mwalimu Jelagat alitema nyama kiganjani mbele ya mama mkwe wake, Jumapili ya Pasaka, na tangu siku hiyo hajala tena kwa baba yake.

Nyama haikuwa na shida. Shida ilikuwa sinema ya watoto.

Tunafundisha shule moja hapa Eldoret na ameniruhusu niandike. Sijaongeza chumvi. Mengine hata nimeacha.

Ilikuwa 2019. Jelagat na mumewe Byron walikuwa wameenda Kimumu kwa wazazi wa Jelagat, na binti yao Cherono wa miaka mitatu. Njiani walipitia Turbo wakambeba mama ya Byron, Mama Kavetsa.

Hizo familia mbili zilikuwa majirani zamani, hapohapo Kimumu. Ua wa miti tu ndio ulizitenganisha, watoto walikuwa wanapita katikati wakienda kucheza.

Halafu kura ya 2007 ikaleta mambo yake, watu wakafukuzana kwa kabila.

Mama Kavetsa alikimbia na watoto wawili, Byron na dada yake Nakhumicha, wakalala kwenye hema za wakimbizi. Nyumba yao ikachomwa hadi msingi. Mwezi wa pili Nakhumicha akafa hapo kwa hema, kifua kilimshika. Alikuwa na miaka kumi na tano.

Jelagat alikuwa umri huohuo. Siku za fujo alikuwa amepelekwa kwa nyanya yake kijijini, kwa hivyo hakuona kitu. Aliporudi alikuta majivu ng'ambo ya ua.

Miaka ikapita. Akakutana na Byron chuoni, wakapendana. Wazee wakakaa, wakaongea vizuri, harusi ikafanyika. Watu wa kanisa walikuwa wanawataja hao wawili kama mfano wa amani.

Sasa turudi Pasaka.

Byron alikuwa ameenda kwa fundi, gari ilikuwa inachemka. Sebuleni walibaki Jelagat, baba yake Mzee Amos, mama yake Seline, Anko Edwin ambaye ni mdogo wa Amos, Mama Kavetsa, na Cherono.

Cherono alitaka katuni. Jelagat alikuwa na sinema ya Kijapani kwa flashi, ya kuangalia familia nzima. Watu wanaongea Kijapani, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Kwa sababu mtoto hajui kusoma na wazee hawakuwa na miwani, Jelagat akawa anasoma kwa sauti, anageuza Kiswahili.

Hadithi ilikuwa tamu. Kuna msichana na wazazi wake wanaishi mlimani. Mlima unaanza kutoa moshi, wanakimbia. Watu wa bondeni wanapanda usiku na kuanza kubeba vitu vyao. Walikuwa wamechorwa kwa kuchekesha, mmoja amefunikwa na godoro anagonga miti.

Mzee Amos alikuwa ameshika mfupa. Edwin alikuwa anachokoa meno na kijiti, mafuta yanamtiririka hadi kwa saa yake.

Edwin akaanza kucheka. Kicheko cha kutoka tumboni.

"Hawa hawajui kubeba," alisema. "Amos, si unakumbuka? Lile kabati tulilibeba wawili, tukalipitisha kwa ua na vyombo vikiwa ndani. Hakuna hata kikombe kilivunjika."

Mzee Amos akacheka pia. Alicheka kwanza, ndio akakumbuka nani ameketi pale.

Kabati lilikuwa hapo nyuma yao, limejaa vyombo. Vikombe vyake vyeupe vya maua ya buluu, vya wageni, vilikuwa mezani. Kila mtu alikuwa anakunywa chai kwavyo.

Jelagat alikuwa na nyama mdomoni. Ilikataa kushuka. Aliangalia vidole vya baba yake vinang'aa mafuta, akaangalia meno ya Edwin, akahisi kama amepewa kutafuna kitu kilichookotwa. Akaitema kiganjani.

Mama yake akainuka haraka, akasema anaenda kuongeza chai. Hakuna aliyekuwa ameomba.

Mama Kavetsa hakusonga. Macho yalikuwa kwa televisheni.

"Endelea kusoma, mwanangu," alimwambia Jelagat. "Huyo msichana anasema nini?"

Kwa sinema, msichana alikuwa amerudi, anapita nyumba kwa nyumba akisalimia watu. Amesimama mlangoni kwa jirani. Jelagat akasoma.

"Anasema, hicho ni kikombe cha mama yangu."

Mama Kavetsa akanywa chai yake, akarudisha kikombe mezani polepole.

Jelagat alimfuata mama yake jikoni. Seline alianza kwa kusema hajui Edwin anaongea nini. Halafu akasema nyumba ya jirani ilikuwa inaungua, wao waliokoa tu vitu visiungue bure. Jelagat akauliza kwa nini hawakuvirudisha miaka yote hiyo, hata baada ya kuwa wakwe.

"Nani angeanza?" mama yake alisema. "Ukirudisha kimoja, umekubali vyote. Usituharibie Pasaka."

Alikuwa anasugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Jelagat aliporudi sebuleni, Edwin alikuwa amejiongezea nyama.

Mama Kavetsa hakungoja gari itengenezwe. Alisema atapanda matatu. Jelagat akamsindikiza hadi barabarani, mtoto mgongoni, na njiani akajaribu kuomba msamaha.

Mama Kavetsa akamkata. Alisema alijua zamani. Siku ya kwanza walipokuja kuposa, Seline alimmiminia chai kwa kikombe ambacho kishikio chake Mama Kavetsa alikuwa amekibandika mwenyewe na gundi. Alimtazama Seline machoni aone kama ataona haya. Seline akamsogezea sukari. Akaamua kunyamaza kwa ajili ya Byron, na kungoja siku moja waseme wenyewe.

"Byron hajui," alisema. "Nimemficha."

Walifika stegi, pale matatu zinaposimama. Hapo ndipo aliposema kile ambacho Jelagat hukisikia hadi leo akiwa amesimama darasani.

"Pasaka ya 2008 nilikuja kanisani hapa Kimumu. Nilikuwa nimemzika Nakhumicha wiki sita tu kabla. Ulikuwa unaimba kwaya. Ulikuwa umevaa sweta ya kijani yenye vifungo vya mbao."

Jelagat aliikumbuka. Mama yake alimwambia ameinunua mjini.

"Nilimfumia mwenyewe. Niliimaliza wiki ya Krismasi, hajaivaa hata siku moja. Kule kwa hema alikuwa ananiuliza, mama, sweta yangu ilibaki?"

Matatu ikaja. Mama Kavetsa akambusu mjukuu, akapanda.

Jelagat aliniambia alitapika hapo kando ya barabara, mtoto akiwa mgongoni. Watu wa stegi walidhani ana mimba. Alikuwa ameivaa sweta ile miaka miwili. Ilikuwa na joto sana. Alikuwa akiipenda.

Jioni alimwambia Byron yote. Angenyamaza, lakini alisema kunyamaza kungemfanya kama wale wengine.

Byron hakupiga kelele. Alipakia nguo chache, akaenda kwa mama yake Turbo, akakaa wiki tatu. Hizo wiki Jelagat alikuwa anakuja kazini macho yamevimba, sisi tukidhani ni mafua.

Baba yake alimpigia simu mara moja tu. Si kuomba msamaha. Alimuuliza kwa nini anaitia familia aibu kwa sababu ya katuni.

Mwezi wa tano, Seline akatoka Kimumu peke yake. Hakumwambia mumewe. Alifika Turbo, akawakuta Byron na Mama Kavetsa wanachambua maharagwe, akakataa kiti. Akasema amekuja kusema.

Alisema yeye ndiye aliyeitoa sweta juu ya kitanda cha Nakhumicha, ikiwa imekunjwa.

Mama Kavetsa akaitikia kwa kichwa. Akamwambia si kitu, hata kama ingebaki ingeungua na nyumba.

Seline akatikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Nyumba yenu haikuwa imeguswa. Vijana waliokuwa wakichoma nyumba walipita wakaiacha. Sisi tuliingia tukatoa vitu kwanza. Halafu Edwin na Amos wakasema mkirudi mtatafuta vitu vyenu. Ndio wakaichoma."

Miaka kumi na moja Mama Kavetsa aliamini nyumba yake ilichomwa na watu asiowajua. Na kumbe wangeacha paa tu, kungekuwa na mahali pa kumrudisha msichana mwenye kikohozi.

Alimshukuru Seline kwa kusema. Kisha akamwomba aondoke, asirudi tena.

Byron alirudi kwa mkewe kesho yake. Alimwambia, "Wewe uliniambia siku hiyohiyo." Wako pamoja, ingawa kuna siku wanapishana nyumbani bila neno.

Mzee Amos na Edwin bado wako Kimumu. Edwin ni mzee wa kanisa. Kila kura ikikaribia anapewa maikrofoni kuhubiri amani, na kuna watu wanapiga makofi. Jelagat akipita karibu na hilo kanisa hufunga dirisha la gari.

Ninachowaambia ni hiki. Kama kuna kitu kwenu ambacho mkiuliza kilitoka wapi wakubwa wanabadilisha mada, ulizeni tena. Ulizeni wakiwa hai. Jibu linaweza kuwatia kinyaa maisha yenu yote, lakini kuna mama mahali anangoja mtu mmoja tu alitamke.