Fundi Anayeketi Upande wa Mto

Saa nane mchana. Kichwa na mabega ya Hasil Shah yako chini ya gari aina ya jipu, miguu yake imejitokeza barabarani, soli za viatu zikitazama korongo. Ndani ya jipu hilo hilo, sehemu ya nyuma, amelazwa mwanamke mwenye paja lililovunjika.

"Mehman, mwanangu," anaita mwanamke huyo, "huyo fundi anatengeneza au amelala?"

"Anatengeneza, shangazi."

"Mwambie mguu wangu haumsubiri."

Si utani mtupu. Khush Begim, mchungaji wa yaki, wale ng'ombe wa milimani wenye manyoya marefu, aliteleza jana kwenye mawe akimfuata ndama. Leo asubuhi mhudumu wa afya kijijini Shimshal alimgusa vidole vya mguu, akakuta vimepoa. Akasema afikishwe hospitali ya mjini Gilgit kabla ya usiku, la sivyo mguu utakatwa. Na malisho ya juu milimani, anakochungia, hayafikiwi kwa gari. Ni siku tatu kwa miguu, na Khush Begim hajawahi kukosa kiangazi hata kimoja huko.

Mtoto wa kaka yake, dereva Mehman Beg, ndiye anayempeleka. Njiani usukani ukaanza kuvuta upande wa mto, ulio chini korongoni. Alipofika kwa Hasil, shati lilikuwa limemganda mgongoni kwa jasho.

Gereji ya Hasil ni pale njia inapopanuka chini ya mwamba: sanduku la spana, matairi chakavu na birika la chai ya chumvi. Ameifanya kazi hii miaka kumi na tisa. Siku nzuri hupata magari mawili, na wengi humlipa kwa siagi na matunda makavu ya aprikoti. "Siagi nimekula mpaka basi," anasema. "Nenda dukani na siagi yako uone kama watakupa nati."

Anamwambia Mehman atikise gurudumu la mbele. Linacheza kama jino bovu. Hasil anaingiza koleo kwenye jicho la springi, tundu la nchani linalopitisha pini, na kuvuta kitu cheusi, laini, kinachonuka.

Ngozi ya yaki.

Ujanja huu kila dereva wa hapa anaujua. Bushi, ile raba inayozunguka pini, ikiisha, unazungushia pini ngozi mbichi iliyolowa. Ikikauka inakakamaa, huwezi kuitoboa hata kwa msumari. Lakini Mehman aliifunga wakati wa baridi, vijito vikiwa barafu. Leo ameshavuka maji mara tatu, na ngozi imelainika na kuchomoza nje.

"Sasa ni msimu gani, mheshimiwa?" Hasil anauliza.

"Baba alifunga hivi hivi miaka yote!"

"Baba yako alikuwa anaendesha punda!"

Khush Begim anacheka, kisha anaguna kwa maumivu.

Huko mbele kuna kijito kinachotoka kwenye barafu ya mlima. Jua likipita utosini barafu huyeyuka na maji hupanda. Ikifika saa kumi hakuna jipu litakalovuka mpaka kesho. Ngurumo yake inasikika kutoka hapa.

Mgonjwa hawezi kushushwa. Asubuhi walipombeba alizimia. Kwa hiyo jipu linapandishwa naye akiwa ndani, jeki juu ya ubao. Hasil anaingiza mkono kuchomoa pini. Ubao unateleza. Jipu linaanguka, linadakwa na mawe ya akiba aliyoyapanga chini yake.

"Mkono unao?" Mehman anapiga kelele.

"Ninao. Lete jiwe kubwa zaidi."

Anakata raba ya tairi kwa kisu, anaigongea ndani ya jicho, anarudisha pini, kisha nati kwa vidole. Mehman anadaka spana akaze. Hasil anampiga kofi mkononi.

"Wee! Hii haikazwi gari likiwa juu. Lishushe kwanza, springi ilale mahali pake. Ukikaza sasa, raba itajisokota ikatike katikati ya maji."

Wanashusha. Hasil anakaza nati, anakaza tena vyuma vinavyobana springi kwenye ekseli, anajifuta mikono. Kisha anapanda kiti cha upande wa mto, upande usio na mlango.

Ndivyo mafundi wa njia hii wanavyofanya. Ukigusa magurudumu ya mbele, unaketi upande wa mto mpaka pabaya papite. "Mehman anaweza kurukia mlimani," anasema. "Mimi nitatangulia majini. Kwa hiyo huwa sikazi kwa kubahatisha."

Kijito kimeshafunika mawe ya alama ya pa kuvukia. Jipu linaingia, maji yanapanda mpaka kwenye taa. Jiwe linaloviringika linapiga gurudumu la mbele, usukani unaruka mikononi mwa Mehman.

"Limeachia!"

"Halijaachia! Kanyaga mafuta! Kanyaga, we mtoto!" Hasil amening'inia nje, macho kwenye gurudumu.

Linanyooka. Jipu linapanda ukingo.

"Mbona kimya?" anauliza Khush Begim. "Tumekufa?"

Kwa desturi Hasil angeshuka hapo arudi kwa miguu. Lakini maji yalikuwa yameshamfungia njia, hivyo akahamia nyuma kwa mgonjwa, akaenda naye mpaka Gilgit, amekishika kisigino cha mguu uliovunjika njia nzima ili usitikisike.

Mguu haukukatwa.

Wiki kadhaa baadaye jipu lilisimama tena chini ya mwamba, likimrudisha Khush Begim nyumbani. Hasil alikuwa akipanga mawe. Anajenga kuta mbili fupi ambazo gari litazipanda, afanye kazi chini yake bila jeki. Itakuwa nomus, kitu kinachojengwa kwa faida ya watu wote na kupewa jina la mpendwa, na jina ameshalichagua. Jiwe la mbele amelilainisha tayari.

"Usichonge jina langu," Khush Begim alimwambia. "Ngoja kwanza nipande malishoni. Nikishindwa, chonga jina la yule yaki aliyetoa ngozi."

"Utapanda, dada. Mimi nitangoja."

Khush Begim akakataa kulala nyuma. Akadai kiti cha upande wa mto, wakabishana naye, wakashindwa. Jipu lilipoondoka, mguu wenye plasta ulitokeza pale pasipo na mlango. Akamtikisia fundi vidole vyote vitano vya mguu huo, na Hasil akasimama na jiwe mikononi akivitazama mpaka jipu lilipokata kona.