Oleanda na Mtomoko wa Baba

Mnivumilie, kwa sababu kisa hiki siwezi kukisimulia nikiwa nimetulia. Kila nikikianza nacheka kwanza, na mikono nayo haikai.

Kwetu ni Kalama, kwenye kilima ambacho mvua hukiruka ikaenda kunyeshea watu wengine. Mbele ya nyumba palikuwa na sehemu moja tu yenye unyevu mwaka mzima, pale mama alipomwaga maji ya vyombo. Hapo ndipo baba alipanda mtomoko wake kabla sijazaliwa. Kwa asiyelijua tomoko, ni tunda la kijani lenye vinundu kwa nje, na ndani ni jeupe, laini, tamu ajabu, limejaa mbegu nyeusi. Baba aliyafunga matunda moja moja kwa karatasi za magazeti ili ndege wasiyadonoe. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuchuma. Alichuma yeye, akagawa yeye, na usipomaliza lako alikukazia macho mpaka ukamaliza.

Halafu mimi, binti yake, nikampenda mtu wa maua.

Alikuwa na kitalu kando ya barabara ya Kathiani, akiwauzia miche watu wanaojenga kule Syokimau. Siku ya kwanza kuja kwetu alimletea mama mche wa oleanda, majani membamba kama kisu cha jikoni. Akamwambia waziwazi, baba akisikia: "Mama, hii ni sumu. Majani, maua, mti wote. Mtoto asiitafune, mbuzi asiile. Lakini haisumbui na maji, na kiangazi kikikausha kila kitu, yenyewe ndiyo inachanua."

Mama alikuwa amepanda mahindi, mbaazi na kunde maisha yake yote. Hajawahi kuletewa kitu cha kutazama tu. Aliupokea kwa mikono miwili na kuupanda hatua chache kutoka kwa mtomoko.

Baba? Wuii! "Kijana, huu mti wangu umelisha hii boma na majirani. Huo wako kazi yake ni gani?"

"Kupendeza, mzee."

"Kupendeza! Jioni tukae kwa meza tukule kupendeza?"

Hapo angenyamaza. Lakini mtu wangu alikuwa hajui kunyamaza. "Lakini mzee, hata mbegu za tomoko ziko na sumu ukizisaga. Watu walikuwa wanaulia chawa."

Ai! Nilitamani ardhi inimeze. Kumwambia baba, ndani ya boma lake, kwamba mtomoko wake una sumu! Na ilikuwa kweli, maana nyanya alitupaka unga wa hizo mbegu kichwani tukiwa wadogo, akitukataza kujishika macho. Baba alisimama, akapangusa suruali, akaenda zake shambani. Tangu siku hiyo alimwita "yule wa sumu".

Miaka mitatu wakabishana hivyo, mti kwa mti, baba akiwa nyumbani na yeye akiwa kitaluni, mimi nikibeba maneno. Na niseme haki, kila mmoja alikuwa na hoja. Mtomoko ulitulisha, lakini ulitaka maji, mbolea, karatasi, na baba wa kuulinda. Oleanda haikutaka lolote. Ilipita urefu wa mama, na mwezi wa tisa, vumbi likiwa limefunika hata sura zetu, ilijaa maua ya waridi mpaka wapita njia wakasimama kupiga picha na simu. Mama akawa "yule mama wa maua", na akalipenda sana jina hilo. Mbuzi wetu waliinusa, wakapiga chafya, wakaenda. Baba akasema mbuzi ana akili, hahitaji kufundishwa na mtu wa kitalu.

Ndipo ikafika ntheo. Kwetu Ukambani, upande wa kijana huleta mbuzi watatu. Baba wa msichana akiwapokea wakaingia zizini kwake, basi, umeshakuwa mke wa mtu machoni pa familia zote mbili. Akikataa, wanarudishwa na kamba zao, kilima kizima kikitazama. Nilimwuliza baba atafanya nini. "Nitaona." Wiki nzima, "Nitaona." Chakula kilinishinda, nguo ya sherehe ikaanza kunipwaya.

Asubuhi ya siku yenyewe baba akachukua panga, akaifyeka oleanda nusu. Eti inawazibia wageni njia. Matawi akayasukuma chini ya mtomoko. Mama alimtazama tu, akaendelea kufagia, na nikajua hawataongea mpaka jioni.

Wageni walifika saa sita, wazee watatu wakiongozwa na baba mdogo wa kijana. Kijana mwenyewe hakuja, desturi haimruhusu. Walikuwa wamepanda kilima kwa miguu, na mbuzi hawajaonja kitu tangu alfajiri. Baba mdogo aliwafunga kwenye mtomoko, kila mtu akaingia sebuleni. Mimi nilikuwa chumbani, nimefichwa, maana msichana haonekani mpaka aitwe. Nikachungulia dirishani.

Nikaona mdomo wa mbuzi ukicheza.

Jani bichi mbuzi hulikataa, hiyo ni kweli, sisi sote tulikuwa tumeona. Lakini yale yalikuwa yamekatwa tangu asubuhi, yamenyauka juani, na mbuzi walikuwa na njaa. Jani la oleanda likinyauka mbuzi halishuku tena, na sumu yake iko pale pale.

Dirisha lilikuwa na vyuma. Njia ilikuwa moja tu, sebuleni. Nikatoka mbio, miguu mitupu, kitambaa cha kichwa kikiwa upande mmoja, nikawapita wazee katikati bila hata salamu. Baba mdogo alikuwa ndio anaanza kutaja sababu ya safari yao. Nikamrukia yule mbuzi wa kwanza, nikampanua taya, nikaingiza vidole na kutoa majani, akaniuma, nikaingiza tena. "Sumu! Wanakula sumu!" Mama akaja akawavuta wale wengine wawili, na mmoja wao pia alikuwa na jani mdomoni.

Nikampigia simu mtu wangu, nikaweka spika. "Mbuzi wamekula oleanda!"

Akauliza: "Wewe je? Umetoa na mkono?"

"Nimekwambia mbuzi!"

"Nimesikia. Usiweke mkono mdomoni wala machoni. Nenda unawe na sabuni. Mbuzi wengine wapo. Nawa kwanza, nangoja."

Wazee wote walikuwa wamesimama pale uani. Baba alikuwa karibu nami kuliko wote. Nilinawa mbele ya watu, povu mpaka kwenye viwiko, ndipo mtu wangu akatuambia kwenye simu: sageni makaa, mkoroge na maji, muwanyweshe polepole, wasitembezwe, na muite daktari wa mifugo sasa hivi.

Makaa aliyaendea baba. Baba yangu, na koti lake la kanisani, alipiga magoti akayasaga juu ya jiwe mpaka mikono ikawa myeusi tititi. Daktari akaja na pikipiki, akawasikiliza mioyo, akasema tungoje.

Tukangoja. Jamani, kungoja! Chai ikapoa vikombeni. Hakuna aliyekaa. Nilikuwa nikihesabu pumzi za mbuzi badala ya zangu. Mwishowe baba mdogo akasema, bila kupandisha sauti: "Kwetu mtu asiyetaka mbuzi anasema na mdomo. Hawekei wageni sumu. Haya matawi ni ya nani?"

Macho yote yakamwendea mama, kwa sababu maua yalijulikana ni yake. Mama akainamisha kichwa. Roho iliniuma vibaya sana. Nikafungua mdomo, lakini baba akawahi.

"Ni mimi nimekata," alisema. "Na si kwamba sikujua. Yule kijana alituambia siku ya kwanza kabisa. Nilikataa kusikia kwa sababu ni yeye alikuwa anasema."

Sijawahi kumsikia baba akikubali kosa, hata dogo. Wazee wakatazamana. Saa kumi na moja hivi, yule mbuzi niliyempanua taya akacheua, akaanza kutafuna tena taratibu, na daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Mama akashika kiuno, akasema, "Asante Mungu," kwa sauti iliyokatika.

"Basi," baba mdogo akasema, "tufungue mbuzi zetu twende?"

Baba akaenda kwenye mtomoko, akafungua kamba zote tatu mwenyewe, kwa ile mikono yake ya makaa. Lango lilikuwa kushoto na zizi lilikuwa kulia. Nilishika ukuta. Alisimama pale kama aliyesahau njia ya boma lake, halafu akapinda kulia, polepole, akiwangoja mbuzi watembee kwa mwendo wao. Akawaingiza, akafunga zizi, akajaribu komeo mara mbili.

Mama akapiga vigelegele, na wale wazee wakashusha pumzi, wakaanza kucheka. Mimi nililia palepale, kwa furaha, bila haya, na mkono wangu ukaenda kupangusa machozi.

"Wewe!" baba akaniita kwa ukali kutoka zizini. "Toa mkono kwa macho. Nenda unawe tena."