Mahindi Yaliyozikwa Mabichi

Juzi huko Ruiru, nje ya duka la chakula cha mifugo, mtu alifungua gunia la sileji, lishe ya ng’ombe iliyovundikwa, na harufu yake ikanisimamisha: kali kama uji uliochacha, tamu kama molasi. Nikajikuta nimerudi Gatuanyaga, msichana mdogo wa miguu mitupu.

Mwaka huo mvua ilianza vizuri, kisha ikasita. Mahindi yetu yalikuwa yamebeba, punje bado zatoa maziwa ukizibana kwa ukucha, nami nilishachagua yangu ya kuchoma. Asubuhi moja nikamkuta mama anayafyeka yote kwa panga. Mabua, majani na mahindi yenyewe aliyakatakata, akayatupa katika shimo lililotandikwa nailoni, akanyunyiza molasi. Tulipanda juu tukakanyaga hadi nyayo zikanata, kisha akafunika kwa nailoni na udongo.

Cucu, mama yake baba, alikuja akasimama ukingoni.

“Ngai! Chakula cha watoto unakizikia ng’ombe?”

“Mama, hayatakomaa. Mvua imeisha.”

“Wewe ndiwe Mungu?”

Akaondoka, na kwa muda mrefu hakukanyaga kwetu. Kijiji kizima kikajua kuna mke wa mtu amezika ugali.

Mimi sikuwa na upande. Nilitaka tu kujua kinachoendelea mle chini. Nililaza sikio juu ya udongo, nikasikia kimya. Nikapenyeza mkono kando ya nailoni, nikakuta joto kama la kuku anayeatamia. Je, yanaoza? Yanaiva? Mama akanivuta. “Hewa ikiingia humo, tumekwisha!”

Kiangazi kilikuja kweli. Mahindi ya majirani yalikauka yakiwa yamesimama, bila punje za maana, na ng’ombe wao wakabaki mbavu. Mama alipofunua shimo, Wakini, ng’ombe wetu, alikata kamba kuifuata ile harufu. Maziwa hayakukatika, tuliyauza tukanunua unga. Jioni moja cucu akaja, akaketi jikoni, akanywa polepole.

“Chai yako ina maziwa,” alisema. Mama akamwongeza.

Nilikua nikiamini mama alijua kusoma mawingu. Mwaka huu ndipo nilipomwuliza alijuaje. Akacheka. “Nani alijua? Niliona majani yanajikunja mchana, nikaogopa.”

Sasa nina watoto wangu, nao hunitazama nikiamua mambo kana kwamba nina hakika. Utotoni sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuogopa kiasi hicho, na bado ashike panga.