Alikuwa Anakuja Mwenyewe

Mdogo wangu aliishi na mwanamume kule Musaga bila ndoa, wakazaa watoto wawili, na mimi dada yake nilikuwa kwenye kwaya, naimba huku naona aibu. Kanisani kwetu anayekaa hivyo hashiriki meza ya Bwana. Sahani ya mkate ikipita kwenye benchi letu, mdogo wangu aliipokea na kunipa mimi, kama mtu anayepitisha chumvi mezani. Sikuwa na ugomvi na utaratibu huo, na hadi leo sina. Anayetaka kuwa wa kanisa afuate ya kanisa, asiyetaka hashikwi miguu.

Watu walidhani mwanamume ndiye aliyekwepa ndoa. Sivyo. Shemeji alikuwa mwashi hodari, lakini pombe ilimzidi nguvu, na mdogo wangu ndiye aliyemwambia: siku utakapoacha kwa moyo wako, si kwa kelele zangu, nenda kwa baba ukaniombe. Kwetu binti hachukuliwi kimyakimya. Wazee wa mwanamume wanakuja, wanaketi, wanazunguka na maneno wee, mpaka wanafika kwenye kuomba mlango wa nyumba ya msichana. Kwa Kirundi tunaita gufata irembo. Bila hiyo, hata mzae kumi, baba bado hajamtoa mtoto wake.

Mwaka ule shemeji akaacha. Hakuna aliyemhubiria, mimi ndiyo kabisa, nilikuwa nimeshamkatia tamaa. Alianza kuja kanisani na kukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na saruji bado iko kwenye kucha. Akamwambia mdogo wangu kwamba anataka kufika Pasaka bila kugusa chupa, kisha Jumatatu ya Pasaka aende Gihosha kwa baba na makreti ya soda. Soda, kwenye irembo, panaponywewa bia. Wazee wangemcheka mwaka mzima. Baba alipopelekewa habari alicheka kweli, halafu akasema hizo soda atazinywa. Sijawahi kumwona mdogo wangu amefurahi vile.

Ndipo serikali ikaamua kutusafisha tabia. Amri ilikuwa kwamba wote wanaoishi pamoja bila ndoa waandikishwe ndoa komini, kwenye ofisi ya serikali, kabla ya mwaka kuisha. Shefu wa kartie, mkuu wa mtaa wao, alipita nyumba kwa nyumba Jumamosi, baada ya kazi za jumuiya, viatu vyake vikiwa na matope. Nilikuwa pale Musaga, nimekwenda kuwaona watoto.

"Dosiye yenu ya ndoa iko wapi?" akauliza.

"Mi sikatai kuoa, shefu," shemeji akasema. "Minaomba tu munipe mpaka Pasaka. Kuna neno minatengeneza na baba mukwe."

"Sheria haijue Pasaka. Ao munaoana, ao munaachana."

Mdogo wangu alikuwa mjamzito wakati huo. Akauliza, kwa sauti ya chini, "Na kama mi sitaki kuoana ku nguvu?"

"Basi huyu bwana atoke mu nyumba, na mutoto ule atazaliwa bila makaratasi. Mi natumwa tu, mama."

Alisema bila ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi. Ningependa awe mtu mbaya. Alikunywa maji tuliyompa, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Siku ya komini walikuwa wengi, mabibi na mabwana wa zamani wenye watoto mgongoni, na bendera ilikuwa moja. Kwa kawaida anayeapa huishika bendera kwa mkono wa kushoto na kuinua wa kulia. Siku ile haikutosha. Waliokuwa mbele walishika kitambaa, wa nyuma wakaambiwa washike bega la aliye mbele yao, inatosha. Mdogo wangu aliolewa ameshika bega la mwanamke asiyemjua. Wakaitikia "Ego", yaani ndiyo, kwa pamoja, wanaume wote na wanawake wote, na mimi niliyesimama karibu sikuweza kuisikia ya shemeji ndani ya kelele ile.

Tuliporudi shemeji alikaa kwenye kizingiti, hata koti hakuvua.

"Yaya," akaniambia, yaani dada mkubwa, "mi nilikuwa nakuja mwenyewe."

Kabla ya mwaka mpya alikuwa amerudi kwenye baa.

Pasta alimshukuru Mungu mimbarani. Alisema kampeni imefanya haraka yale tuliyoyahubiri miaka mingi bila mafanikio. Nilimsubiri nje nikamuuliza kama sasa tutaomba polisi watusaidie pia kubatiza. Akanishika mkono, akasema, "Mama, tunda ni tunda." Nilikasirika mpaka nikakosa pa kuweka macho.

Mimi si mtu wa siasa. Najua serikali ina kazi yake: imshike mwizi, izibe mashimo barabarani, na kodi yake nalipa. Kaisari alidai sarafu kwa sababu ilikuwa na sura yake. Yule mwashi hakuwa na sura ya Kaisari. Neno alilokuwa akiliandaa hadi Pasaka, Mungu mwenyewe alikuwa akilisubiri bila kumharakisha, na watu wakaja kulichukua kabla halijaiva. Huko ni kuiba, na sijui nimshitaki nani kwa nani.

Jumapili ya Pasaka mdogo wangu alikuwa mke halali, kwa hiyo meza ilikuwa yake. Sahani ilipofika aliiangalia kidogo, akanipa. Nilichukua kipande changu, nikatafuna, hakikuwa na ladha.

Kesho yake nilipanda Gihosha kumsalimu baba. Tangu siku ya komini alikuwa akisema hakuna tena cha kuja kuomba, sherehe imekufa. Lakini nilikuta uwanja umefagiliwa, viti vimepangwa pande mbili kama kawaida, na geti liko wazi. Yeye amevaa koti lake la suti, amekaa upande wa wenyeji. Nikakaa karibu naye.

Alasiri mdogo wangu aliingia peke yake, mtoto mchanga mgongoni. Akaenda kuketi upande wa wageni, kwenye kiti cha katikati, pale anapoketi msemaji wa bwana harusi. Baba alimtazama, kisha akamuuliza kama wanavyoulizwa wageni wote wa irembo, "Mumekuja kuomba nini kwetu?"

"Apana kitu, baba," akasema. "Leta walishanitoa zamani."

Leta ni serikali. Baba aliinama akaanza kufungua vifungo vya koti.